Kopo la Shangazi

  

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Ngenge kumsalimia shangazi yangu. Asiyeijua Ngenge aelewe kwamba ni kata ya Muleba, lakini si Muleba ile ya mwaloni, ya mitumbwi na sangara. Ni huku nyuma, upande wa nyanda za ng'ombe. Dagaa wakitufikia wamekwisha kauka na wamepita mikono ya wachuuzi watatu. Nilimkuta shangazi barazani, na juu ya kigoda kando yake kopo jeupe lenye unga wa kijani, limefungwa kwa mfuko wa nailoni na kukazwa kwa mpira wa baiskeli, utadhani ndani mna hirizi.

"Mwanangu," akaniambia, "hii inapandisha kinga."

Nikamuuliza bei. Akageuka akatazama migomba. Baadaye binti yake akaninong'oneza jikoni: mbuzi mmoja, yule jike mwenye mimba.

Muuzaji alikuja siku ya gulio na pikipiki yenye spika. Shangazi ameyashika maneno yake kama mtoto wa kipaimara alivyoshika katekisimu. Kinga huanza kushuka ukivuka miaka 40. Ikishuka, kila ugonjwa unaingia. Unga huu una vitamini zote, una zinki, una madini ya chuma, una mwani wa baharini, na ndani ya siku 21 kinga inapanda. Nilipomuuliza yeye alikuwa anaumwa nini, akasema haumwi kitu, anachoka tu. Akitoka kisimani na ndoo, lazima apumzike mara mbili njiani.

Nikasema hili nitalileta redioni, maana makopo ya namna hiyo nimeyaona Muleba mjini, nimeyaona Bukoba stendi, na nimeyaona kwenye mikoba ya akina mama wenye mishahara yao.

Neno kinga lina uzito wake Kagera, na wenye umri wanajua kwa nini. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligunduliwa mkoani kwetu, mwaka 1983. Siku zile hatukuwa na jina la kitaalamu. Tuliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivushwa mpakani kutoka Uganda. Kufikia 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa na wagonjwa wake. Ndipo tukaletewa jina refu, Upungufu wa Kinga Mwilini. Kuna kizazi hapa kilichojifunza neno kinga kwenye matanga, kabla hakijalikuta kwenye kitabu cha biolojia. Ukimwendea mtu wa kizazi hicho na spika, ukamwambia kinga yako imeshuka, umemgusa kidonda. Mbuzi atauzwa.

Na hatukuachwa tukasahau. Machi 2023 tulipata mlipuko wa virusi vya Marburg hapa Bukoba Vijijini, kata za Maruku na Kanyangereko: watu 9 waliougua, mmoja wao bila kuthibitishwa na maabara, na 6 wakafariki kabla serikali haijatangaza tarehe 2 Juni kwamba mlipuko umekwisha. Januari 2025 ikawa zamu ya Biharamulo. Kule walihesabiwa 10, na wote 10 tukawazika. Virusi hivi viwili, cha UKIMWI na cha Marburg, havifanani kwa mengi, lakini hila yao ni moja. Mwizi wa kawaida humkwepa mlinzi. Hivi vinaanza na mlinzi mwenyewe. Kile cha UKIMWI kinaziingia chembe ziitwazo CD4, ambazo ndizo makamanda. Kile cha Marburg kinaanza na zile chembe zinazomeza wadudu.

Nimesema makamanda, basi niwaeleze jeshi lenyewe. Nitatumia mguu wangu.

Nikiwa na miaka tisa tulikuwa tunapalilia maharage chini ya migomba, nikajikata jembe kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Udongo ukaingia. Bibi akanawisha kidonda kwa maji ya moto na chumvi, nikalia, yakaisha. Jioni kidole kikawa chekundu, cha moto, kinapwita kama kina moyo wake. Ule wekundu haukuwa ugonjwa. Chembe zilizopo chini ya ngozi zilikuwa zimepiga yowe kwa kemikali, mishipa midogo ikatanuka ili damu nyingi ifike, na chembe nyeupe zikapenya kutoka ndani ya mishipa kuingia kwenye nyama. Hizi za kwanza hazichagui. Kila bakteria zinayemkuta zinammeza, na zenyewe zinakufa papo hapo kwa maelfu. Kesho yake kidole kilipotoa usaha, ule usaha ndio maiti zao. Tunaukunjia pua, kumbe ni askari waliokufa kwa ajili yetu.

Siku ya tatu nikapata mtoki. Mnaujua: uvimbe kwenye kinena, mguu unakokotwa. Bibi akaubonyeza akasema, "Mguu umepeleka taarifa." Nimesoma vitabu baadaye na sijaona aliyelieleza vizuri zaidi. Kuna chembe ambazo kazi yake ni utarishi. Zinabeba vipande vya mdudu kutoka kwenye kidonda, zinavipandisha hadi kwenye tezi iliyo kinenani, na hapo zinawaonyesha chembe wengine mmoja mmoja, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli nyingi. Anapopatikana yule anayelingana, huyo anajigawa, wanakuwa wawili, wanne, wanane, hadi maelfu na maelfu. Ndiyo maana tezi inavimba, na ndiyo maana inachukua siku kadhaa. Wengine wanatengeneza kingamwili, vitu vidogo vinavyomganda mdudu asitembee. Wengine wanaua chembe zetu zenyewe zilizokwisha kutekwa. CD4 wanaamrisha nani afanye nini na nani aache. Vita vikiisha wengi wanakufa, wachache wanabaki na kumbukumbu. Ndiyo sababu aliyeugua surua utotoni haiugui tena. Chanjo nayo inafanya hivyo hivyo: inawaonyesha askari picha ya mwizi kabla mwizi hajaja. Neno lenyewe limetoka kwenye kuchanja, chale za wazee, ingawa siku hizi wembe umebadilika kuwa sindano. Pandisha shati utazame begani. Lile kovu dogo la chanjo ya kifua kikuu ni darasa ulilosomeshwa hata hujajua kuketi.

Sasa niambie, katika hayo yote, ni kipi muuzaji wa kopo anachokipandisha? Kinga haina geji kama tangi la mafuta. Na kama ingekuwa inapandishwa hivyo, ningeogopa zaidi. Mwenye pumu ni mtu ambaye kinga yake inalivamia vumbi lisilo na kosa. Mtoto anayevimba midomo kwa karanga, kinga yake imepanda kuliko inavyotakiwa. Yuko bibi ambaye vidole vimepinda kwa sababu askari wake wamegeuka wanapiga maungio. Wakati wa Korona, wengi waliozidiwa hospitalini walikuwa wanaungua kwa moto wa kinga yao wenyewe, na Juni 2020 utafiti wa Uingereza ulionyesha kwamba deksamethasoni, dawa rahisi inayoituliza kinga, iliwaokoa baadhi ya wale waliokuwa kwenye oksijeni na mashine. Nanyi mnakumbuka wakati huohuo sisi tulikuwa tunasaga tangawizi na vitunguu saumu, tunajifukiza chini ya mablanketi. Siwacheki, nami nilijifukiza.

Lakini nisiwe kama wale wasomi wanaosema vidonge vyote ni upuuzi. Rudi kwenye ule mtoki. Chembe moja kuwa maelfu ndani ya siku chache ni ujenzi, na ujenzi unataka matofali. Protini, zinki, vitamini A, foliki, chuma. Mtoto mwenye kwashakoo hana cha kujengea, ndiyo maana nimonia ndogo inamwondoa. Vitamini A ikikosekana, ule utando laini wa macho, koo na utumbo unakauka na kupasuka, na mdudu anaingia bila hodi. Mwenye upungufu ukimpa kile alichopungukiwa, unaona kazi. Asiye na upungufu ukimjazia, ni kama kuendelea kufungulia bomba wakati ndoo imejaa: unalowesha sakafu. Na mara nyingine unaangusha nyumba.

Ushahidi wa hili sitautoa Marekani. Uko hapa nchini.

Mwaka 1995 pale Dar es Salaam, watafiti wa Muhimbili na wa Harvard, wakiongozwa na Wafaie Fawzi na Gernard Msamanga, walianza kuwapa vitamini wanawake wajawazito 1,078 wenye virusi vya UKIMWI. Kumbukeni, dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijatufikia; zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Kundi moja la wanawake lilipewa vitamini za jamii ya B, pamoja na C na E kwa dozi kubwa, jingine likapewa vidonge visivyo na kitu. Matokeo yalichapishwa 2004. Katika waliopewa vitamini hizo, karibu 25 katika kila 100 walifikia hatua ya mwisho ya ugonjwa au walifariki. Katika waliopewa vidonge vitupu, 31. Si tiba, lakini kwa mwanamke aliyekuwa hana kingine, ni muda wa kumlea mtoto. Vitamini A nayo ilipimwa humohumo, kila mtu akiitegemea. Haikusaidia, na iliongeza uwezekano wa mtoto kuambukizwa na mama. Vitamini ileile tunayoimba sifa zake.

Haikuishia hapo. Dawa za kufubaza zilipofika, wakajiuliza: mgonjwa aliye kwenye dawa, tukimwongezea dozi kubwa ya vitamini, si atapona haraka zaidi? Wakawachukua wagonjwa 3,418, Dar es Salaam tena, nusu wakapewa dozi kubwa, nusu dozi ya kawaida. Machi 2009 utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati. Dozi kubwa haikupunguza vifo wala magonjwa, na vipimo vya ini vilikuwa vinapanda. Vitamini zilezile, mji uleule, miaka michache tu imepita. Kilichobadilika ni mahitaji ya mtu anayezimeza.

Pemba ndiko kulikotisha. Watoto wa mwezi mmoja hadi miezi 35 walipewa chuma na foliki, kwa sababu upungufu wa damu ulikuwa umewaenea. Nani angekataa? Agosti 2003 ikabidi sehemu hiyo ya utafiti isimamishwe, maana waliopewa chuma walikuwa wanalazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa, kwa asilimia 12. Malaria ilikuwa kali kisiwani. Ujue kwamba vijidudu navyo vinahitaji chuma ili vizaane, na mwili unajua hilo. Ukishikwa na homa, ini linatoa amri, chuma kinafichwa ghalani, damu inabaki nacho kidogo, kama mama mwenye nyumba anavyoficha sukari akisikia wageni wabaya wanakuja. Wewe ukaja na kijiko, ukaimwaga sukari mezani. Ila sikiliza na sehemu ya pili, ambayo wengi huiruka: katika kikundi kilichopimwa kwa karibu na kutibiwa malaria mapema, watoto waliokuwa kweli wamepungukiwa chuma walifaidika nacho. Kwa hiyo chuma chenyewe hakikuwa sumu. Kosa lilikuwa kumpa kila mtu bila kujua nani anakihitaji, na mbu wapo.

Hebu niwapeleke mahali ambapo kitu hiki kinafanywa inavyotakiwa. Juni na Desemba, mwezi wa afya na lishe ya mtoto, mhudumu wa afya anakaa chini ya mwembe na mkasi, kikombe cha maji na kopo la vidonge laini. Cha bluu kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, yuniti 100,000. Chekundu kwa wa mwaka mmoja hadi asiyetimiza mitano, yuniti 200,000. Mama anambana mtoto miguu, mhudumu anakata ncha ya kidonge, anaminya matone mdomoni, mtoto anakunja uso, wengine wanatema na kuwapaka mama zao nguo. Anaandika kwenye kadi. Anayefuata. Hakuna spika. Tathmini nyingi za dunia zimeonyesha matone hayo yanapunguza vifo vya watoto wa umri huo mahali penye upungufu. Zinatofautiana kwa kiasi, asilimia 12 au 24, lakini yanapunguza. Mara mbili kwa mwaka inatosha kwa sababu vitamini A huwekwa kwenye ini na kutumika polepole. Na kwa sababu inawekwa, ikizidi inadhuru. Mjamzito akiinywa kwa dozi kubwa anaweza kumwumiza mtoto tumboni. Walijaribu pia kuwapa watoto wachanga, siku zao za kwanza. Hapa Tanzania peke yake walihusishwa karibu watoto 32,000. Vifo havikupungua. Mchanga ana kitu chake tayari, yale maziwa ya kwanza ya njano ambayo baadhi yetu bado tunayakamua na kuyamwaga. Yale yamejaa kingamwili za mama. Hayauzwi popote.

Sasa neno kwa walio kwenye dawa za kufubaza virusi, na Kagera tunajuana. Kidonge mnachotumia wengi wenu, TLD, kina dawa iitwayo dolutegravir. Chuma, zinki, kalsiamu na magnesi, vilivyomo kwenye makopo haya, huing'ang'ania tumboni isiingie kwenye damu inavyopaswa. Unadhani unaongeza kinga, kumbe unaipunguza dawa inayoilinda. Mweleze mhudumu wa kliniki kila unachokunywa, hata kama jirani amekwambia usimwambie mtu. Atakupangia masaa: kwa kawaida TLD humezwa masaa mawili kabla ya vidonge vya madini, au masaa sita baada yake.

Nirudi barazani Ngenge. Shangazi nilimchukua kwa pikipiki hadi kituo cha afya. Akanung'unika njia nzima kwamba mimi nimesoma hadi nimekuwa mbishi. Wakampima damu: 8.6, wakati mwanamke anatakiwa awe na 12 au zaidi. Wakapima choo, wakakuta mayai ya safura. Minyoo wale huingia kwa nyayo za mtu anayetembea peku shambani, wanajishikiza utumboni, wanakunywa damu kidogokidogo mwaka baada ya mwaka. Uchovu wa kisimani ulikuwa umekaa tumboni. Chuma cha kwenye kopo, kama kilikuwamo kweli, kilikuwa kinawalisha wapangaji. Akapewa albendazoli, akapewa vidonge vya kuongeza damu vya hospitali, akaambiwa avae ndala.

Muuguzi, binti mdogo mwenye adabu, akamuuliza: "Bibi, unakula nini?" Ndizi na maharage, asubuhi na jioni. Na baada ya kula? Amwani. Hapo binti akacheka kidogo. Kahawa, iwe ya kunywa au hiyo ya kutafuna tunayomkaribishia mgeni, inakishika chuma cha maharage kisiingie mwilini, na chai ni hivyo hivyo. Hakumkataza, nani amkataze Mhaya amwani? Alimwambia asubiri saa moja au mbili baada ya chakula, na kwenye maharage akamulie limau au ale papai, kwa sababu vitamini C inakisaidia chuma kupita. Dagaa wakiwepo, waingie chunguni. Senene wakija Novemba, asiwauze wote kwa watu wa Dar.

Hii vitamini C ina wafuasi wengi. Linus Pauling, mwanasayansi mwenye Nobeli mbili, aliandika mwaka 1970 kwamba inazuia mafua. Waliofuata wakaipima kwa miaka mingi: kwa mtu wa kawaida haizuii. Anayeinywa kila siku mafua yake yanafupishwa kidogo, kama asilimia 8. Kwa mafua ya siku saba, hiyo ni kama nusu siku. Zaidi ya hapo unakwenda kuikojoa. Chungwa la shambani linakutosha.

Na kuna kitu kimoja kinachoilinda kinga ambacho sijakisikia kwenye spika hata siku moja. Ni chandarua. Kati ya 2015 na 2016, hapa Muleba, vyandarua vya aina mpya, vyenye kiambato cha PBO kinachouvunja usugu wa mbu, vilipimwa dhidi ya vile vya zamani, na watoto waliovilalia wakaonekana wana malaria pungufu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitoka kwenye vijiji vyetu. Malaria inapokula damu na kuvimbisha bandama mara tatu kwa mwaka, unga gani utaweza kujaza? Wengine vyandarua bado wanavifugia vifaranga.

Akija mwenye spika gulioni kwako, muulize swali moja tu, kwa heshima: mimi nimepungukiwa na nini, na umepima wapi? Akijibu, nunua. Akipandisha sauti ya spika, nenda ukanunue mayai.

Kwa shangazi yupo mjukuu wa miezi minane. Juni inakaribia, matone yanakuja, na kadi yake tuliitafuta siku nzima hatukuiona. Nimewaachia kazi hiyo. Kama na wewe hujui kadi ya mwanao iko wapi, itafute usiku huu kabla hujazima taa.